Bibi Ndoto na Ukuta wa Ghala

Machi 3

Nimehamishwa leo, kutoka dawati la habari za mji hadi safu ya ndoto, ukurasa wa ndani kabisa, kati ya fumbo la maneno na matangazo ya vyumba vya kupanga. Mhariri alinieleza akiwa amesimama, maana yake hakutaka nikae.

Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyekuwa akifasiri ndoto za wasomaji. Alifariki mwaka juzi, lakini picha yake bado inatoka kila siku, anatabasamu chini ya jina Bibi Ndoto. "Wasomaji wamemzoea," alisema Mhariri. "Kwao hajafa." Tangu hapo kazi yake imezungushwa ofisini kama zamu ya kufagia. Sasa imenifikia mimi, niliyeandika mwezi uliopita habari ya mafuta ya kula yaliyochanganywa, bila kujua kwamba mwenye kiwanda na mwenye gazeti wameoa nyumba moja.

Nilijua.

Mvua ya kwanza imenyesha jioni.

Machi 4

Wasomaji hutuma ndoto kwa simu. Wanataja mtaa na umri, jina hapana. Nachagua chache, natafuta maana katika faili la marehemu, naandika. Jino likidondoka, msiba kwa ndugu. Kuota harusi ni kilio, na kuota kilio ni harusi. Kuwa uchi sokoni, siri yako iko njiani. Kukimbizwa huku miguu haiinuki, umeahidi usiloliweza. Marehemu alikuwa na utaratibu wake: kwanza balaa, mwisho dawa. Toa sadaka. Mpigie mama yako. Usisafiri wiki hii.

Tatizo ni Mkasi. Ndiye mpanga kurasa, na jina hilo amelipata kwa haki. Tangazo likiingia dakika za mwisho, hukata maandishi kuanzia chini. Kwa habari hakuna ubaya, kwa sababu habari huandikwa lenye uzito juu na mapambo chini. Ndoto za marehemu ziliandikwa kinyume. Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa tukiwauzia watu balaa na kuwanyima dawa.

"Hakuna aliyewahi kulalamika," alisema Mkasi.

"Uliyemwambia atakufa atalalamika saa ngapi?"

"Basi huyo si mteja tena."

Machi 9

Jumapili, nimekula kwa Dada. Anaishi na mumewe, Mwalimu, katika safu ya nyumba zilizoshikana chini ya ghala. Nimwite Mwalimu hapa pia, kila mtu humwita hivyo ingawa amestaafu. Juu yao mlima ulikatwa, udongo ukajazwa na kusawazishwa ili malori ya ghala yapate pa kugeuzia, na udongo huo wote unashikiliwa na ukuta mmoja wa mawe, mrefu kupita paa lao. Kati ya ukuta na mlango wa jikoni kuna nafasi ya kamba moja ya nguo.

Ukuta ulikuwa na matundu ya kutolea maji. Mwaka jana matundu hayo yalitapika tope hadi vizingitini, nguo zilizoanikwa zikawa rangi moja. Mwalimu aliongoza majirani kwenda kulalamika kwa Mwenye Ghala. Wiki iliyofuata wakaja mafundi, wakaziba matundu kwa saruji, safi kabisa. Mwalimu anasimulia jambo hilo kila ninapokwenda.

"Ukisema na watu kwa lugha nzuri, shemeji, wanasikia. Nyinyi waandishi mnapenda kugombana."

Dada ameambiwa kuhusu safu yangu mpya. Nilidhani atacheka. Alinishika mkono. "Mdogo wangu, hiyo ni amana."

"Dada, nanakili kwenye faili."

"Hata kama. Wewe ni kalamu tu. Kalamu haijui inachoandika."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Machi 13

Jino, nyoka, jino, mtihani, jino.

Machi 14

Mvua.

Machi 20

Jambo dogo nimeliona, naliandika kabla sijalidharau. Ndoto za meno ni nyingi kila mahali, lakini wengi huota meno yanadondoka. Wiki hii watu wanane wameota meno yanasagika. Mmoja anasema si meno yake, ni ya mtu aliyelala nyuma ya kitanda. Mwingine ameota mtu anatafuna kokoto. Mwingine ameota kuna anayesukuma mlango wa jikoni taratibu, bila hasira. Umri tofauti. Mtaa mmoja: chini ya ghala.

Faili la marehemu linasema kusaga meno ni husuda ya jirani. Safu nzima haiwezi kuhusudiana usiku mmoja.

Machi 23

Nimekwenda tena kwa Dada. Nilimwuliza anaota nini siku hizi. Akatazama kama mumewe yuko mbali.

"Maji. Yamesimama nyuma ya ukuta kama watu kwenye foleni. Hayasemi kitu. Yananisubiri nifungue."

Nilitoka nje, nikaweka shavu kwenye mawe. Yalikuwa ya baridi na yametoa jasho. Nilisimama pale hadi jirani mmoja akaniuliza kama ukuta umenijibu. Ulikuwa umenijibu. Ndani, mbali, kulikuwa na mkwaruzo, ukakoma, ukaanza tena. Mtu aliye macho, na redio, na watoto, hawezi kuusikia. Aliyelala kichwa kikiwa upande ule anausikia usiku kucha, na kichwa kinatafuta cha kuufananisha nacho.

Machi 31

Mvua siku ya nne mfululizo. Mkasi amekata safu yangu nusu kwa tangazo la magodoro.

Aprili 2

Nimempeleka mhandisi wa manispaa, mtu ninayefahamiana naye tangu habari ya daraja. Alijifanya anatafuta chumba cha kupanga. Alitembea urefu wote wa ukuta, akaja nilipo bila kuinua sauti.

"Ukuta una mimba."

Alinionyesha. Ukitazama kutoka pembeni, katikati umevimba. Maji yamejaa udongoni na hayana pa kutokea. Matundu yaliyozibwa yamepangana kama vifungo vya shati.

"Muda gani?"

"Mimba ya ukuta haina kliniki. Kesho, au msimu ujao. Watu hawa watoke mpaka mvua iishe, na matundu yafunguliwe pole pole, juu kwanza."

"Utayaandika hayo?"

"Nani? Mimi? Ghala lilipewa kibali na mkubwa wangu. Nimekusaidia, usinitaje. Niapie."

Nikaapa.

Aprili 3

Nimeandika habari. Ilikuwa safi: ukuta, matundu, uvimbe, nyumba zilizo chini, Mwenye Ghala amepigiwa simu na kusema ukuta wake ni imara kuliko serikali. Nilimpelekea Mhariri. Alisoma mara mbili, kwa haki.

"Mhandisi ana jina?"

"Ana."

"Hapa hana. Nina mhandisi asiye na jina na ukuta wenye jina. Na mwenye jina hilo ananunua ukurasa wa mwisho kila Ijumaa."

"Dada yangu anaishi pale."

"Basi mwambie dada yako. Hiyo haihitaji gazeti."

Nikatoka.

Aprili 4

Nimewaambia. Nimewaeleza kila kitu, mezani kwao, isipokuwa jina la mhandisi. Mwalimu alisikiliza kama anayesikiliza mwanafunzi anayejitetea kwa kuchelewa.

"Imetoka gazetini?"

"Haijatoka."

"Kwa nini?"

"Mhariri amekataa."

"Mhariri amesoma, amepima, amekataa." Alikunja vidole kimoja kimoja. "Shemeji, mimi nimenunua gazeti lenu tangu nina nywele. Likiandika, nahama siku hiyo hiyo. Siwezi kubeba kitanda kwa sababu ya uvumi, hata uvumi wa shemeji yangu."

"Si uvumi. Nenda pembeni utazame mwenyewe."

"Nimetazama. Ukuta. Na matundu tuliyoomba yazibwe, yakazibwa, nikashukuru mbele za watu. Sasa niende tena nikaombe yazibuliwe? Nitaitwa nani?"

Dada alikuwa anamenya viazi. "Mimi sijaona kitu bado," alisema. Nilijua anamaanisha usingizini.

Aprili 7

Mvua kubwa. Nimeketi mbele ya mashine asubuhi nzima. Nina ukurasa mmoja tu usiosomwa na Mhariri kabla haujatoka, kwa sababu anauonea aibu.

Aprili 8

Imetoka hivi, juu kabisa, mahali ambapo mkasi haufiki:

"Nyinyi mnaolala chini ya ukuta wa ghala. Mnaoota meno yakisagika, kokoto zikitafunwa, maji yaliyosimama, mlango unaosukumwa. Ndoto hii si ya husuda. Ni nyumba inayowaaga. Tokeni leo, mlale kwa ndugu mpaka mvua iishe. Asiyeota atoke pia, kwa sababu aliyelala fofofo ndiye hasikii."

Mkasi alisoma kwenye skrini yake. "Umeanza kuchangamka," alisema. Hakukata.

Aprili 9

Saa mbili asubuhi Dada alikuwa mlangoni kwangu na mabegi, sufuria, pasi, na cherehani kichwani mwa mchukuzi.

"Bibi Ndoto amesema."

"Dada, Bibi Ndoto ni mimi. Ni yale yale niliyokwambia Ijumaa ukimenya viazi."

"Ijumaa ulisema wewe." Akaanza kupanga sufuria zake kwenye rafu yangu. "Watoto wa jirani wameondoka. Mshona viatu ameondoka. Yule wa kona, aliyekuwa hatusalimii, ametupita na godoro anakimbia."

"Na Mwalimu?"

Alichagua mahali pa kuweka pasi kwa muda mrefu.

Aprili 10

Nimekwenda kumchukua. Safu imekuwa kimya, zaidi ya nusu ya milango ina kufuli. Waliobaki ni wale wanaojivunia kutoamini upuuzi: Mwalimu, fundi redio, mke na mume wenye duka la dawa. Walikuwa wamekaa barazani kwa Mwalimu, furaha tele, kama walioshinda kitu.

"Karibu Bibi!" alipaza fundi redio. "Mimi jana nimeota nimeoa. Niambie ni kilio cha nani?"

Wakacheka. Mwalimu aliinuka, akanichukua pembeni, mkono begani. Hakuwahi kuwa mtu wa kudharau.

"Shemeji, nikuulize kama mwalimu. Jambo hili ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kweli kama mbili na mbili?"

"Kama mbili na mbili."

"Sasa kama ni kweli, mbona umeliandika kwenye ndoto?"

Nilimweleza tena. Mhariri, ukurasa wa mwisho, Ijumaa. Alitikisa kichwa, si kwa ukali.

"Hapana. Jambo la kweli lina mahali pake. Miaka yote nimefundisha watoto tofauti ya habari na hekaya. Leo nihamishwe na hekaya, kesho nitawaambia nini?"

"Umestaafu, Mwalimu. Hakuna kesho ya darasani."

Hilo halikupaswa kusemwa. Aliondoa mkono begani.

Aprili 12

Dada anakoroma. Anasema ni mimi.

Aprili 15

Mvua. Mwenye Ghala amempigia simu Mhariri, amecheka, amesema bibi yetu anamharibia wapangaji wa ghala lake. Mhariri naye amecheka. Nimeonywa kwa mdomo.

Aprili 18

Leo kumekucha na jua. Dada ameanika magodoro. Mwalimu amempigia simu, nilisikia sauti yake ikitoka hadi nilipo: "Mama, mvua imekatika! Rudi nyumbani, Bibi wenu aende likizo." Dada alicheka. Akaanza kufunga sufuria. Nikamwambia maji ya ndani hayajui kwamba nje kuna jua. Akasema nisimtie mkosi, ila akaahirisha hadi kesho kutwa, magodoro yakauke.

Aprili 19

Ukuta umeanguka leo asubuhi, jua likiwaka, anga haina wingu.

Nilifika kabla ya zimamoto. Nitaandika nilichoona, na si zaidi. Ukuta haukubomoka. Ulilala kipande kizima, kama mlango uliosukumwa kutoka ndani, na udongo ukapita juu yake ukiwa mwekundu na laini kama uji. Nyumba za kati hazipo. Za pembeni zimekatwa, chumba kimoja kimebaki na kalenda ukutani na taa inawaka. Kwenye kipande cha ukuta kilichokuwa juu ya tope, saruji ya matundu ilikuwa bado imo, haina hata ufa. Fundi aliyeyaziba alikuwa fundi.

Mke wa muuza dawa alitolewa akiwa hai. Mumewe hapana. Fundi redio hapana. Lori moja la ghala lilikuwa limening'inia juu, magurudumu ya mbele hewani, na dereva wake anapiga kelele asiambiwe ashuke.

Mwalimu alikuwa ametoa kiti mlango wa jikoni aote jua. Kwa hiyo alikuwa upande wa ukuta. Tulimpata mchana. Miwani ilikuwa usoni na kioo kimoja kizima. Niliwaambia wamfunike kabla Dada hajafika, wakachelewa.

Dada hakulia. Aliniuliza, "Alikuwa amekunywa chai?" Sikujua. Akauliza watu wengine. Hakuna aliyejua.

Aprili 20

Ukurasa wa kwanza, herufi ambazo gazeti letu huziweka akiba kwa vita: BIBI NDOTO ALIONA. Picha ya marehemu Bibi, sasa kubwa, akitabasamu juu ya picha ya tope. Chini yake safu yangu ya Aprili 8 imechapishwa upya neno kwa neno. Matundu hayajatajwa. Mhariri anasema gazeti liliisha kabla ya saa nne.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakitaka," aliniambia. "Kiko mbele."

Aprili 21

Tumezika. Watu wa safu ile walikuja wote, waliohama na watoto wao, wanene wa uhai. Walimpa Dada mkono, wakageuka, wakanong'onezana: sikio la kufa halisikii dawa. Nililisikia mara nyingi. Hakuna aliyesema dawa yenyewe ilikuwa ya namna gani.

Mwenye Ghala alikuja, suti ya kijivu, macho mekundu kweli kweli. Alizungumza na waandishi getini. "Ni kudra. Nani angezuia? Hata ndoto zilikuwa zimeshasema. Lililoandikwa limeandikwa." Waandishi wenzangu waliandika. Nilitazama kalamu zao zikienda.

Aprili 29

Ndoto mia na ushee kwa siku. Wanataka kujua kuta zao.

Mei 14

Kamati ya uchunguzi imenihoji. Ukumbi wa manispaa, viti vya plastiki, mvua za mwisho zinagonga bati. Wakili wa Mwenye Ghala ni kijana mpole, aliniita mama.

"Kazi yako, mama?"

"Mwandishi wa habari."

"Safu gani kwa sasa?"

"Ndoto."

Wachache walicheka. Akasubiri waishe, kwa adabu.

"Unasema mhandisi alikwambia ukuta una kasoro. Anaitwa nani?"

Mhandisi alikuwa ameketi safu ya pili, anatazama viatu vyake. Nilimwapia. Nilimpa nafasi ndefu ya kuinua kichwa.

"Siwezi kumtaja."

"Sawa. Tuache hilo. Onyo ulilochapisha ni hili?" Akalisoma lote, vizuri, kwa vituo. Nyumba inayowaaga. "Limetolewa na Bibi Ndoto. Tunaweza kumwita hapa tumhoji?"

"Alifariki."

"Alifariki lini, mama?"

"Mwaka juzi."

Hakuniuliza tena. Baadaye aliita majirani watatu wathibitishe kwamba wao wenyewe, wakiongozwa na marehemu Mwalimu, ndio walioomba matundu yazibwe. Wakathibitisha. Ni kweli.

Mei 30

Ripoti imetoka. Chanzo: mvua isiyo ya kawaida, pamoja na marekebisho yaliyofanywa kwa maombi ya wakazi. Mwenye Ghala amesifiwa kwa ubani aliotoa. Dada alipewa karatasi ya kutia saini kwamba hana dai. Nilimwambia asisaini. Alisaini mbele yangu, kwa mwandiko aliofundishwa na mumewe.

"Nidai nini? Nimewaambia wao wenyewe kamatini kwamba niliota. Nani anaidai ndoto?"

Juni 6

Jua kali. Msimu umekwisha. Dada bado yuko kwangu, hana pa kurudi. Leo jioni alikuwa anapiga pasi, nami nachambua ndoto za kesho, akasema bila kuinua macho:

"Mimi ulinitoa kwa ndoto."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ulijua ndizo zinazoniamsha. Na yeye ulijua kinachomwamsha. Alikwambia mwenyewe, mezani. Likiandika, nahama siku hiyo hiyo."

"Mhariri alikataa, Dada. Unajua."

"Ulimwomba mara ngapi?"

Pasi ilisimama. Nilifikiria uongo, nikauacha. Uandishi wa habari ni kazi niliyoifanya muda mrefu, huacha mazoea.

"Mara moja."

"Mara moja." Akalikunja shati, ambalo lilikuwa la Mwalimu, na kuliweka juu ya jingine. "Mimi chumvi tu kwa jirani naomba zaidi ya hapo."

Akaendelea na pasi. Hatujasemezana tena tangu hapo, na chumba ni kimoja.

Juni 9

Nimeiandika upya habari ya ukuta, mwanzo hadi mwisho. Kibali na aliyekitoa. Matundu na aliyeyaziba, na walioomba, Mwalimu akiwa wa kwanza. Mhandisi nimemtaja. Nimempigia jana kumwambia nitavunja kiapo, akakata simu. Mhariri aliyekataa Aprili 3 nimemtaja kwa cheo chake, na mwandishi aliyeomba mara moja akatoka.

Niliipeleka kwa mkono. Mhariri alisoma yote. Alipofika penye yeye hakubadilika uso, ndiyo maana amefika pale alipo.

"Ni kazi nzuri," alisema. "Hii ndiyo kazi yako bora."

"Itatoka lini?"

"Kamati imemaliza. Mvua imekwisha. Watu wamezika." Akanirudishia karatasi, amezipanga sawa kingo kwa kingo. "Hii si habari tena."

Nikaketi, bila kukaribishwa. Nikamwomba mara ya pili. Akakataa. Nikamwomba mara ya tatu. Akatazama saa, akaniuliza ukurasa wa kesho wa ndoto uko wapi, Mkasi anausubiri.

Ulikuwa kwenye mkono wangu mwingine. Nikampa.